Dalali Asiye na Kwake (Sehemu ya Saba)

Ufunguo ulizunguka kitasani mara moja, kisha mara ya pili.

Ndipo tulipomwacha, wasomaji wangu. Funguo kakaa juu ya mkeka katikati ya chumba cha watu, kikombe cha chai mkononi, na mlango unafunguliwa kwa nje na mtu asiyemtarajia.

Kwa aliyeokota gazeti leo, huyu ni mwanamume wa miaka hamsini na kitu ambaye mtaa mzima unamwita Funguo, kwa sababu ya shada la funguo linalomlia kiunoni. Kazi yake ni kuwatafutia watu vyumba vya kupanga. Kinyozi hajinyoi, na Funguo hana chumba. Analala kisirisiri katika vyumba vitupu alivyokabidhiwa awaonyeshe wateja, na siku akipata mpangaji ndiyo siku anayokunja mkeka. Kazi ikienda vizuri analala nje ameshiba. Ikienda vibaya analala ndani na njaa yake.

Kilichomwokoa ni komeo. Alikuwa amelitia kwa ndani, kama kawaida yake. Mlango ukasukumwa, ukagoma.

“Nani katia komeo humu?”

Sauti hiyo Funguo angeitambua hata usingizini. Ni ya mwenye nyumba, yule mama aliyeanza kubandika marumaru kwenye korido mwaka huu, na tangu hapo wapangaji wakambatiza Mama Marumaru. Marumaru zilikuwa bado hazijafika hata katikati ya korido. Kodi ilishapanda mpaka chooni.

“Ni mimi, mama. Nakuja.”

Bafuni kulikuwa na ubao wa dari uliolegea, ambao yeye mwenyewe aliahidi tangu mvua za mwanzo kuuletea fundi. Leo aliushukuru uvivu wake. Mkeka ukapanda darini, mfuko wa nguo ukapanda, chupa ya chai ikapanda, na kikombe kikafuata kikimmwagia mkononi. Akaurudisha ubao, akafuta mkono kwenye suruali, akaenda kufungua.

“Unafanya nini humu umejifungia?”

“Najaribu komeo.”

“Komeo?”

“Wapangaji wa siku hizi, mama, swali lao la kwanza ni komeo. Maji wanauliza baadaye.”

Mama Marumaru aliingia. Alitazama kona moja baada ya nyingine, kisha akainua pua.

“Mbona pananukia chai?”

“Ya jirani hiyo. Madirisha yako makubwa mno, hata chai ya watu inaingia bila hodi.”

Mama Marumaru aliyageukia madirisha yake na kuyatazama kwa mapenzi. Mtu ukimsifia mali yake, husahau alichokuja kukuuliza.

“Ndiyo maana nakuamini wewe,” alisema. “Yule dalali wa mtaa wa pili nilimpa funguo, nikaja kukuta kaweka godoro lake humu. Analala bure, anaoga bure. Nilimnyang'anya funguo palepale, na wenye nyumba wote nikawapigia simu. Leo hana hata mlango mmoja wa kumwonyesha mtu. Anauza maji barabarani.”

“Watu wengine hawana haya,” alisema Funguo.

“Hawana. Sasa sikiliza. Chumba hiki kodi imepanda.”

“Tena?”

“Marumaru haziotagi kama uyoga. Na mpangaji nimeshampata mwenyewe. Muuguzi, kahamishiwa hospitali yetu. Yuko njiani. Umwonyeshe wewe, una maneno matamu.”

“Na udalali wangu?”

“Udalali wa nini, wakati mpangaji nimemtafuta mimi?”

Alitoka kwenda kumngojea mgeni getini. Funguo akabaki peke yake na chumba.

Alikuwa amekizoea, na hilo ndilo kosa. Dalali hazoei chumba. Lakini hapa ukuta ulikuwa mwembamba, na upande wa pili iliishi familia yenye watoto. Kila jioni baba mtu aliwauliza hesabu. “Saba mara nane?” Watoto walikuwa wakikosea, na Funguo, kalala chali gizani, alikuwa akijibu kimoyomoyo, “Hamsini na sita.” Kule ng'ambo hakuna aliyejua kwamba darasa lina mwanafunzi mwingine. Wakicheka, naye alitabasamu. Wakizima taa, aliendelea na jedwali la nane peke yake.

Alikuwa na tabia moja ambayo hajawahi kumwambia mtu. Kila akiingia chumba kitupu alipiga hodi, kisha akajijibu mwenyewe “karibu” kwa sauti ndogo. Nyumba ambayo hodi haijibiwi ilimtia baridi moyoni.

Aliuchomoa ufunguo wa chumba hicho kwenye shada ili amkabidhi mpangaji. Ulikuwa umefungwa kitambaa cha maua, kama funguo zake zote. Vitambaa hivyo alivikata kutoka kwenye gauni kuukuu la marehemu mkewe. Kitambaa maana yake chumba hakina mtu. Mpangaji akipatikana, Funguo hukifungua mbele yake na kumpa ufunguo mtupu, akisema, “Sasa pana mwenyewe.” Ni utaratibu wake tangu ujanani. Binti yake alipokuwa mdogo ndiye aliyekuwa mfungaji mkuu wa mafundo, ulimi umemtoka pembeni kwa bidii.

Siku hizo katikati ya shada palikuwa na ufunguo mmoja usio na kitambaa, ufunguo wa kwao. Aliurudisha kwa mwenye nyumba mwaka ambao kodi ilipanda mara mbili, mwaka uleule binti alipokuwa akimalizia chuo. Ada ilipatikana. Mlango ukapotea. Binti hajui mpaka leo.

“Karibu mwanangu, kanyaga tu, hapo hapajabanduka,” ilisikika sauti ya Mama Marumaru kwenye korido. “Mpishe fundi huyo, bado anabandika. Dalali wangu yuko ndani.”

“Hodi.”

“Karibu,” alijibu Funguo, akageuka na tabasamu lake la kazi.

Tabasamu lilifia usoni.

Mlangoni alisimama mwanamke kijana aliyevaa viatu vyeupe vya hospitali, mkoba begani. Naye aliachama.

“Baba?”

Hawajaonana tangu mwaka jana. Walikuwa wakikutana stendi ya mabasi tu, kila binti alipopita safarini. Wanakula pamoja, baba anamsindikiza kwenye basi linalofuata, na kila binti akiuliza lini atakwenda kuiona nyumba mpya anayosimuliwa, baba husema wanapaka rangi.

“Umehamia huku bila kunieleza?”

“Nilitaka nikushtukize. Nipate chumba kwanza, ndipo nikuite uje ule kwangu.” Binti alimkumbatia, kisha akarudi nyuma kidogo kumtazama. “Umekonda, baba.”

“Kutembea, mwanangu. Miguu yangu ndiyo ofisi.”

“Makubwa haya,” alisema Mama Marumaru, kaegemea mlango na kuifurahia filamu ya bure. “Funguo, una binti muuguzi ukatuficha?”

Binti aliomba aambiwe kodi. Akaambiwa, na kwamba inalipwa miezi sita mbele.

“Mama, hiyo ni kodi au mahari?”

“Hiyo ndiyo bei ya mjini, mwanangu.”

“Mji gani? Huu wenye taa moja ya kuongozea magari?”

“Na hata hiyo haiwaki,” aliongeza Funguo, akatamani angenyamaza.

Mama Marumaru hakukasirika. “Mji ukiwa mdogo, vyumba ni vichache. Hospitali imepanuliwa, chuo kimefunguliwa, watu wanamiminika. Usipokichukua wewe, kesho kinachukuliwa na mwingine.” Kisha akacheka. “Lakini nami nashangaa. Baba mtu anao mji mzima kiunoni, mtoto anahangaika kupanga? Kwa babako kuna nini?”

Hapo, msomaji, ndipo Funguo alipotamani marumaru zimmeze.

“Ana vyumba viwili na baraza,” alisema binti. “Sivyo, baba?”

“Ndiyo. Ila sasa hivi kuna rangi.”

“Rangi gani isiyokauka miaka mitatu?”

Mama Marumaru alicheka mpaka akashika kiuno. Binti naye alicheka, akamshika baba yake mkono.

“Twende. Nitalala hata juu ya ndoo ya rangi. Kodi ya hapa siiwezi, mama, nisamehe.”

“Nendeni salama. Funguo, ufunguo huo niachie, nimpe fundi. Fundi akishamaliza pale nje nataka aniangalizie ule ubao wa bafuni. Naona wewe umeshindwa.”

Funguo aliutazama mlango wa bafuni. Aende, mkeka wake utashushwa na fundi. Abaki, atamwambia nini binti? Binti alikuwa ameshamvuta mkono hadi korido. Akampa Mama Marumaru ufunguo na kitambaa chake, akaondoka.

*

Njiani alilitia shada mfukoni na kuzipapasa funguo zake moja moja.

Vyumba vilivyokuwa vitupu alivijua vyote. Kulikuwa na kimoja nyuma ya duka la dawa, lakini hakina dirisha. Kulikuwa na kingine juu ya gereji, na huko mafuta yananuka mpaka mtoni. Ikabaki nyumba ya mwalimu mstaafu.

Mwalimu alihamia kwa wanawe, akamwachia Funguo ufunguo apangishe. Vyumba viwili, baraza, mlango wa bluu, bomba ndani ya ua. Kodi yake iliwakimbiza watu, ikafika miaka mitatu bila mteja. Humo Funguo hakuwahi kulala hata siku moja. Alikuwa akienda kufagia tu, kisha anakaa barazani, anampigia binti simu na kumsimulia anakoishi. Anamweleza mlango, bomba, upepo wa jioni. Kumbe uongo wake ulikuwa na anwani.

“Wewe umekuwa ukilala wapi?” Funguo alimuuliza binti yake, ili asiulizwe yeye.

“Kwa mwenzangu wa kazini. Ana chumba kimoja, kitanda kimoja. Tunapishana zamu. Yeye akiingia kazini mimi nalala, mimi nikiingia analala yeye. Tunaonana mlangoni tu, habari za asubuhi, basi.” Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. “Kuna siku mgonjwa aliniuliza naongea na nani. Nilikuwa naongea peke yangu, baba.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Nikuambie nini? Kila mtu hospitali analia na kodi. Nikishindwa kulala nilikuwa najisemea, angalau baba ana kwake. Nalala.”

Maneno yalimfika Funguo kwenye ncha ya ulimi. *Mwanangu, mimi sina kwangu.* Ni maneno machache tu, na barabara ilikuwa tupu, hakuna wa kusikia zaidi yake. Akayameza. Aliona haya, na aliogopa kumnyang'anya mtoto usingizi wake.

“Mlango wa bluu!” alisema binti. “Kama ulivyosema.”

Funguo alisimama mbele ya mlango. Akachagua ufunguo, akautia, akauzungusha. Mlango ulifunguka vizuri, maana mafuta alikuwa akiutia yeye.

“Hodi,” alisema.

Likamtoka kabla hajajua. Binti alimtazama kwa mshangao, kisha akacheka sana.

“Unajipigia hodi kwako mwenyewe?”

“Mazoea ya kazi, mwanangu. Nafungua milango ya watu kutwa nzima.”

“Karibu, basi,” alisema binti, akaingia wa kwanza.

Ndani sauti zilirudi kutoka kutani, maana hapakuwa na kitu hata kimoja. Funguo alijitayarisha kwa swali, na jibu alikuwa nalo.

“Vitu nilivihamishia kwa rafiki yangu, hadi mafundi wamalize.”

“Ndiyo maana ulikuwa hunialiki. Ulikuwa unaona haya nikute patupu.” Binti alivua viatu na kutembea pekupeku juu ya sakafu. “Baba, pazuri hapa. Mimi nitalala hiki cha mbele, nikitoka zamu ya usiku nisikuamshe. Wewe hicho cha nyuma. Meza tuiweke hapa. Nikipokea mshahara tunanunua viti viwili, viwili tu, atakayekuja mgeni atakaa juu ya ndoo.”

“Nani atapika?”

“Atakayewahi kurudi.”

“Basi ni mimi.”

“Basi tutakufa njaa,” alisema binti kutoka chumba cha nyuma, na nyumba nzima ikacheka naye.

Funguo alimfuata kutoka chumba hadi chumba. Alionyeshwa mahali pa kitanda, mahali pa pazia, mahali pa kutundika picha ya marehemu. Naye akaanza kujibu. Alisema pazia liwe zito, upande huu jua la mchana ni kali. Alisema bomba hulegea, lakini yeye anajua kulikaza. Kwa muda wa kuzunguka vyumba viwili, alikuwa na nyumba na alikuwa na mtoto ndani yake, na moyo ukamjaa mpaka akalazimika kugeukia dirishani.

Alipogeuka, binti alikuwa amekwenda kufunga mlango wa mbele.

Hakuufunga.

Shada la funguo lilikuwa bado linaning'inia kitasani. Binti alikuwa ameushika ule ufunguo uliofungua mlango. Kati ya vidole vyake palikuwa na kitambaa cha maua, maua ya gauni la mama yake, kimefungwa fundo mara mbili na ncha ikachomekwa ndani, vilevile alivyokuwa akifunga yeye utotoni.

Funguo naye alikiona. Njia nzima alikuwa nao mkononi, mle mfukoni, na wazo la kukifungua kile kitambaa halikumjia. Miaka mitatu hakuwa na ufunguo usio na kitambaa. Alikuwa amesahau kwamba ufunguo wa nyumbani haufungwi.

Binti aliinama kitasani. Aliuchomoa ufunguo kitasani, akalishika shada zima, akaanza kuzipitia funguo moja moja. Kitambaa, na mwingine kitambaa, na mwingine. Alikuwa anatafuta ule mtupu. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akapitia tena polepole, kama muuguzi anayetafuta mshipa kwenye mkono wa mgonjwa.

Haukuwepo.

“Baba,” alisema, bila kuinua macho. “Jana ulilala wapi?”

Hapo njia ya mwongo iliishia, kwenye sakafu tupu ya nyumba ya mwalimu.

Simu ikalia mfukoni mwa Funguo.

Aliitoa. Binti akaliona jina kwenye kioo: Mama Marumaru.

“Ipokee,” alisema binti.

Hakuweza. Binti alinyoosha mkono, akaichukua, akaipokea, akaiweka sikioni bila kusema kitu. Hapakuwa na haja ya kuisogeza kwa Funguo. Sauti ya Mama Marumaru ilijaa chumba chote.

“Funguo! Fundi kabandua ubao wa bafuni, kashusha mkeka. Kashusha na mfuko wa nguo, na chupa ya chai, na chai bado ya moto. Kuna mtu analala humu ndani kwangu! Kabla sijawapigia simu wenye nyumba wenzangu, nakuuliza wewe. Huyo mtu unamjua?”

Funguo alitikisa kichwa akimsihi binti yake kwa macho. Kama ni kusema, aseme mkeka ni wa fundi, au ni wa mwizi. Aseme lolote, maana bila funguo zile hana kazi, na bila kazi hana hata mlango wa kuazima.

Binti alimtazama baba yake. Alitazama suruali yake yenye doa bichi la chai, na viatu vyake vilivyoliwa upande. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

“Namjua, mama,” alisema. “Nakuja naye.”